Gari la Dizeli la Zamani Linapogoma Kuwaka: Namna ya Kutafuta Tatizo Nyumbani Kabla ya Kufungua Pampu

Katika nyanda za juu za Njombe na Makete, Hilux yenye injini ya 2L au 3L bado inashusha viazi hadi sokoni, na kaskazini mwa Kenya, Land Cruiser yenye injini ya 1HZ bado inategemewa pale lami inapokwisha. Magari haya, pamoja na pikapu za Isuzu zenye 4JA1 na 4JB1, Nissan zenye TD27 na Mitsubishi zenye 4D56 za zamani, yanafanana katika jambo moja kubwa: dizeli hupimwa na pampu ya kimakanika, bila kompyuta kuamua lolote. Kwa sababu hiyo, mwenye gari aliye na seti ya spana, testa ya taa, mita ya umeme ya bei ndogo na subira anaweza kujua tatizo liko wapi akiwa nyumbani kwake, hata kama mwishowe atamwachia fundi kazi ya kulirekebisha.

Kinachowagharimu wengi ni mpangilio mbaya wa kutafuta. Gari haliwaki asubuhi, pampu inatuhumiwa, pampu inashushwa na kufunguliwa, fedha nyingi zinatoka, na gari linaporudi tatizo liko palepale kwa sababu lilikuwa kwenye mpira mdogo uliopasuka au kwenye nati ya waya wa hasi. Pampu ni kifaa kigumu na cha thamani, na mara nyingi huwa kizima hadi siku kinapofunguliwa pasipo sababu. Mwongozo huu umepangwa ili pampu iwe ya mwisho kuguswa, baada ya kila kilicho rahisi kukaguliwa na kuondolewa kwenye orodha.

Kwanza, jinsi injini hii inavyowaka

Injini ya dizeli haina cheche. Pistoni hubana hewa hadi sehemu ndogo sana ya ujazo wake, takriban mara 22 katika injini za 2L na 1HZ, na mbano huo peke yake huipandisha hewa joto kupita nyuzi 500 za Selsiasi. Nozeli hupuliza dizeli ndani ya hewa hiyo ya moto, na dizeli huwaka. Kwa hiyo mahitaji ni machache: injini izunguke kwa kasi ya kutosha, hewa iingie bila kizuizi, kompresheni, yaani huo mbano, iwepo, na dizeli safi isiyo na mapovu ifike kwa wakati wake. Asubuhi ya baridi kunaongezeka hitaji la joto la hita plagi, yaani vijiti vya umeme vinavyopasha moto ndani ya silinda. Hakuna tatizo la kuwaka lililo nje ya mambo haya.

Tahadhari tatu zishikwe kabla ya kugusa chochote. Dizeli inayotoka kwenye nozeli au kwenye bomba lake la chuma ina mgandamizo unaozidi bar 100, na inaweza kupenya ngozi bila maumivu makubwa mwanzoni. Mtu aliyepigwa nayo apelekwe hospitali mara moja, hata kama anaona tundu dogo tu. Pili, usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Tatu, maelezo ya kulegeza nati za mabomba yaliyomo humu hayahusu magari mapya ya dizeli yenye reli moja ya mafuta na nozeli za umeme, ambako mgandamizo huzidi bar 1,000 na kulegeza bomba injini ikizunguka kunaweza kuua.

Hatua ya kwanza: sikiliza stata

Kabla ya kufungua boneti, washa na usikilize. Stata ya dizeli inayozunguka polepole haiwezi kuipasha hewa joto, kwa sababu joto huvuja kwenye kuta za silinda kabla pistoni haijafika juu. Betri ya volti 12 iliyojaa na kutulia usiku kucha huonyesha takriban volti 12.6, na wakati stata inapiga haipaswi kushuka sana chini ya volti 10. Ikishuka, betri imechoka au haijachajiwa. Injini ikiwa inanguruma, mita isome kati ya 13.8 na 14.4, la sivyo altaneta haichaji vizuri.

Betri ikiwa nzima na stata bado inajivuta, weka ncha moja ya mita kwenye nguzo ya hasi ya betri na nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, kisha mwenzako apige stata. Mita ikisoma zaidi ya nusu volti, waya wa hasi kati ya betri na injini una kutu au umelegea. Pwani, kuanzia Tanga hadi Mtwara na Mombasa hadi Lamu, kutu ya chumvi hufanya jambo hili kuwa la kawaida kuliko wengi wanavyodhani. Fungua, piga msasa, paka grisi, kaza.

Angalia pia kama gari lako ni la volti 24. Land Cruiser nyingi zilizotoka Japani zina betri mbili zilizounganishwa kwa mfululizo, na vifaa vyake havibadilishani na vya volti 12.

Hatua ya pili: swichi ya kuzima dizeli

Juu ya pampu, upande wa nyuma, kuna kifaa kidogo cha silinda chenye waya mmoja. Hicho ndicho hufungua njia ya dizeli funguo inapowashwa na kuifunga inapozimwa. Washa funguo bila kupiga stata, na mwenzako asogeze sikio karibu: unapaswa kusikika mlio mdogo wa "tik". Usiposikika, gusisha testa kwenye waya wake. Taa ikiwaka na mlio haupo, swichi imekufa. Taa isipowaka, tafuta fyuzi au waya uliokatika.

Ukiwa porini na swichi imekufa, unaweza kusafisha eneo lake kwa uangalifu mkubwa, kuifungua, kutoa kipistoni na springi yake, na kuirudisha ikiwa tupu. Gari litawaka, lakini halitazima kwa funguo. Utalizima kwa kuweka gia kubwa, kukanyaga breki na kuachia klachi. Hii ni njia ya kukufikisha nyumbani. Usiiache iwe ya kudumu.

Hatua ya tatu: maji na uchafu kwenye dizeli

Pampu hizi hazina oili yake. Dizeli yenyewe ndiyo inayolainisha vyuma vya ndani vilivyosagwa kwa usahihi mkubwa mno, na ndiyo maana maji au mafuta ya taa yaliyochanganywa huziua. Uchakachuaji huo ulifikia kiwango cha kuilazimisha Tanzania kupandisha ushuru wa mafuta ya taa mwaka 2011, na Kenya ikaweka tozo maalumu ya aina hiyo mwaka 2018, ili tofauti ya bei iliyowavutia wachanganyaji iondoke. Jaza mafuta kwenye kituo chenye wateja wengi, epuka kujaza wakati lori linashusha mafuta kwani uchafu wa chini ya tangi huwa umetibuka, na usinunue dizeli ya madumu ila pale pasipo na njia nyingine.

Chini ya chujio la dizeli kuna kiziba kidogo cha plastiki. Weka chupa angavu ya maji ya kunywa chini yake, legeza kiziba, na ubonyeze pampu ya mkono iliyo juu ya chujio hadi upate robo lita. Iache chupa juu ya meza kwa nusu saa. Dizeli safi huonekana kama chai nyepesi isiyo na maziwa. Maji hukaa chini yakiwa tabaka lake lenye mpaka unaoonekana wazi, na uchafu mweusi wenye utelezi ni dalili ya vijidudu vinavyoota pale maji yanapokutana na dizeli ndani ya tangi. Ukikuta maji kidogo, rudia hadi itoke dizeli tupu. Ukikuta maji mengi au utelezi, tangi lenyewe lishushwe na kuoshwa, kwa maana chujio jipya litaziba tena ndani ya siku chache.

Kwa dizeli yetu, badilisha chujio kila kilomita 10,000 hata kama kitabu cha gari kinaruhusu zaidi. Chujio jipya usilijaze kwa kumimina dizeli katikati yake, kwa sababu dizeli hiyo itaingia kwenye pampu bila kuchujwa. Lifunge likiwa tupu na ulijaze kwa pampu ya mkono.

Hatua ya nne: hewa inayoingia kimyakimya

Hapa ndipo ninapomwomba msomaji atulie, kwa sababu hitilafu hii ndiyo inayopeleka pampu nyingi nzima kwenye meza ya fundi. Katika Hilux na Land Cruiser za aina hii hakuna pampu ya kusukuma dizeli kutoka kwenye tangi; pampu kuu yenyewe huivuta. Maana yake ni kwamba mabomba yote kutoka tangini hadi kwenye pampu yako katika hali ya kunyonya wakati injini inazunguka, na palipo na tundu, dizeli haidondoki nje ila hewa huingia ndani. Utalitazama gari ukiwa umelala chini yake, utaona mabomba makavu na masafi, nawe utaamini kwamba hakuna kinachovuja.

Dalili zake zinajirudia. Gari lililolala usiku mzima huwaka sekunde moja au mbili kwa dizeli iliyobaki kwenye pampu, huzima, kisha hupigwa stata muda mrefu kabla ya kuwaka tena kwa kukohoa. Likishawaka huenda vizuri mchana kutwa. Wakati injini imelala, hewa imepenya na dizeli yote imeshuka kurudi tangini. Jaribio la kwanza halina gharama: egesha gari usiku mahali penye mteremko, pua ikitazama chini, ili tangi lililo nyuma liwe juu kuliko pampu. Asubuhi likiwaka mara moja, na keshoyake likiwa limetazama juu likagoma, umekwisha kujua kwamba ni hewa.

Jaribio la pili huonyesha hewa kwa macho. Nunua kipande cha mpira angavu wa plastiki unaostahimili mafuta, urefu wa sentimita 20 hivi, chenye kipenyo sawa na mpira unaoingia kwenye pampu. Ondoa mpira wa asili, funga huo angavu kwa klempu za skrubu pande zote mbili, bonyeza pampu ya mkono hadi iwe ngumu, kisha washa. Mapovu machache ya mwanzo ni ya kazi uliyoifanya na yataisha. Mapovu madogo yanayopita mfululizo baada ya dakika tano, au povu moja kubwa linalokaa sehemu ya juu ya mpira na kukua kila unapozima injini, ndiyo hewa unayoitafuta.

Sasa itafute inapoingilia kwa kugawa njia vipande. Chukua dumu safi la lita 5 lenye dizeli iliyochujwa, lifunge vizuri mahali palipo juu ya pampu, mbali na feni na bomba la moshi, kisha toa mpira mmoja kutoka dumuni moja kwa moja hadi kwenye pampu kupitia kichujio kidogo cha njiani, na mpira wa kurudishia uingie dumuni humo. Gari likiwaka na kutulia katika hali hii, pampu yako ni nzima, na tatizo liko kati ya tangi na pampu. Rudisha sehemu moja baada ya nyingine, ukianza na chujio na kichwa chake, hadi mapovu yarudi. Sehemu ya mwisho uliyoirudisha ndiyo yenye kosa.

Mahali panapostahili kushukiwa kwanza ni ngozi ya ndani ya pampu ya mkono, ambayo hupasuka kwa uzee. Raba ya duara ya chujio, hasa iliyobanwa ikiwa imejikunja. Viungo vya mipira karibu na tangi, ambako tope na mawe hupiga. Na vimpira vyembamba vya kurudishia dizeli kutoka nozeli hadi nozeli, ambavyo hukauka na kupasuka. Kuna sababu ya ziada ya kuvibadilisha vyote kwa pamoja katika gari la miaka hii. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilihamia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni mwaka 2015, na raba za zamani zilizozoea dizeli ya awali zinaweza kusinyaa na kuvuja zinapokutana na mafuta yaliyosafishwa namna hiyo. Klempu za springi zilizolegea nazo zibadilishwe kwa za skrubu.

Usisahau mfuniko wa tangi. Gari linalokwenda vizuri saa moja, likapoteza nguvu na kuzima, kisha likawaka baada ya kupumzika, mara nyingi limebanwa na tundu la hewa la mfuniko lililoziba vumbi. Fungua mfuniko gari likiwa limezima. Ukisikia hewa ikifyonzwa kwa nguvu, umepata jibu.

Baada ya kila kazi ya mfumo huu, toa hewa kwa kubonyeza pampu ya mkono hadi iwe ngumu. Injini isipowaka, legeza nati za mabomba mawili kwenye nozeli kwa nusu duara, funika kwa kitambaa, piga stata kwa vipindi visivyozidi sekunde 15 hadi dizeli itoke bila povu, kisha kaza. Ipe stata mapumziko kati ya kipindi na kipindi, kwa sababu stata nyingi huungua siku kama hiyo.

Hatua ya tano: hita plagi

Tatizo la hita lina saa zake. Gari linalogoma alfajiri ya baridi huko Limuru au Mbeya, likatoa moshi mweupe unaochoma macho, halafu likawaka bila shida mchana, linalalamikia hita. Lililogoma saa nane mchana Dar es Salaam halina sababu ya kufunguliwa hita kwanza.

Washa funguo na upime umeme kwenye upau wa chuma unaounganisha hita zote. Usipokuwepo, angalia rilei na fyuzi yake kubwa. Ukiwepo, fungua upau, kisha upime ukinzani (omu) wa kila hita kati ya ncha yake na chuma cha injini: hita nzima husoma karibu na sifuri, na iliyokufa haisomi kitu. Testa ya taa nayo inatosha. Shika klipu yake kwenye chanya cha betri na uguse ncha ya hita, taa iwake.

Hita zinunuliwe kwa namba yake kamili. Baadhi ya mifumo ya Toyota hutumia hita za takriban volti 6 ndani ya gari la volti 12, zikipashwa haraka sana kisha umeme kupunguzwa na rilei ya pili. Fundi akikata mfumo huo na kuweka kitufe cha kubonyeza, hita zitaungua, ncha zake zitavimba, na huenda moja ikakatikia ndani ya silinda hedi. Gharama ya kuitoa hiyo inazidi ya kurekebisha rilei mara nyingi.

Kadhalika, usipulize eta (dawa ya kopo ya kuwashia injini) wala usiweke kitambaa cha petroli kwenye njia ya hewa ili kuiamsha injini yenye hita zinazofanya kazi. Hewa hiyo hulipuka kabla ya wakati na kuvunja ringi.

Hatua ya sita: nozeli, na kile moshi unachosema

Injini inayowaka lakini inatetemeka na kumisi huwa na silinda moja isiyofanya kazi. Ikiwa inanguruma taratibu, vaa miwani na glavu, kisha legeza nati ya bomba la nozeli ya kwanza kwa nusu duara. Silinda iliyokuwa inafanya kazi itafanya mlio wa injini ubadilike na kuzidi kutetemeka. Ukilegeza na mlio usibadilike hata kidogo, silinda hiyo ndiyo mgonjwa. Kaza, nenda ya pili, hadi ya mwisho. Kisha zima injini na ubadilishane nozeli ya silinda hiyo na ya jirani: ugonjwa ukihama na nozeli, nozeli ni mbovu, ukibaki pale, tafuta kwenye kompresheni. Pete za shaba (washa) zilizo chini ya nozeli ziwe mpya kila zinapofunguliwa.

Moshi mweusi chini ya mzigo ni dizeli nyingi kuliko hewa. Anza na kichujio cha hewa, ambacho kwenye barabara za vumbi za Dodoma au Turkana huziba kabla ya muda wake, ndipo uende kwenye nozeli zinazochuruzika. Moshi mweupe wa asubuhi unaoisha injini ikipata moto ni dizeli isiyoungua. Moshi mweupe unaoendelea huku maji ya rejeta yakipungua unaelekeza kwenye gasketi ya silinda hedi. Moshi wa bluu ni oili, na maana yake ni ringi, sili za valvu, au turbo kwa gari lililo nayo.

Joto la injini

Hili si tatizo la kuwaka, lakini ndilo linaloua injini hizi, na silinda hedi za 2L-T zenye turbo zimepata sifa ya kupasuka kwa sababu yake. Rejeta isifunguliwe ikiwa ya moto. Ikiwa imepoa, fungua mfuniko, washa injini na utazame maji: mapovu yasiyokoma yanayotoka hata kabla injini haijapata moto ni gesi ya silinda inayopita kwenye gasketi au kwenye ufa.

Desturi ya kutoa termostati ili "injini ipoe" iachwe. Katika injini nyingi za aina hii, termostati ikifunguka huziba pia njia fupi inayorudisha maji kwenye injini bila kupita rejetani. Ukiitoa, njia hiyo hubaki wazi muda wote na sehemu ya maji ya moto huzunguka bila kupozwa, yaani umeongeza tatizo ulilotaka kuliondoa. Ijaribu kwa kuitumbukiza kwenye sufuria ya maji jikoni pamoja na kipimajoto: ianze kufunguka karibu na nyuzi zilizochapwa juu yake. Tumia dawa ya rejeta iliyochanganywa na maji safi, kwa kuwa maji matupu ya kisima huacha magamba na kula chuma.

Mkanda, oili na breki

Injini za 2L, 3L, 5L na 1HZ zina mkanda wa taimingi unaobadilishwa kila kilomita 100,000, na taa ya mkanda kwenye dashibodi huwaka inapofika hapo. Ukikatika, pistoni hugonga valvu. Mwenye kununua gari lililotumika aubadilishe bila kuuliza, kwa sababu taa hiyo huzimwa kwa kuhamisha skrubu ndogo na haiwezi kuthibitisha lolote. Mitsubishi 4D56 ina mkanda wa pili mdogo wa shafti za mizani, nao ubadilishwe pamoja. TD27 na nyingi kati ya injini za Isuzu nilizozitaja hutumia gia, hivyo hazina kazi hii.

Tofauti hiyo ina matokeo ambayo wachache huyaangalia. Sili ya mbele ya pampu inapovuja kwenye injini ya mkanda, dizeli huingia kwenye kava la mkanda na kuuozesha. Kwenye injini ya gia, dizeli hiyohiyo huingia kwenye oili. Kwa hiyo pima oili kila wiki, na usifurahie inapoonekana kuongezeka: nusa kijiti cha kupimia, na kikinuka dizeli usiliwashe gari hadi oili itolewe na chanzo kijulikane. Oili iliyozidi inaweza kunyonywa na injini ikapanda kasi yenyewe bila kuzimika. Ikitokea, gari la gia za mkono liwekwe gia ya juu, breki ikanyagwe kabisa na klachi iachiwe. La otomatiki lizibwe njia ya hewa kwa ubao, kamwe si kwa mkono. Oili ya dizeli ya 15W-40 ikibadilishwa kila kilomita 5,000 inatosha mazingira yetu.

Breki nazo zimefungamana na altaneta. Dizeli haina mvuto wa hewa kama petroli, kwa hiyo Toyota hizi zina pampu ndogo ya kuvuta hewa nyuma ya altaneta, inayolainishwa na oili ya injini. Pedali ikiwa ngumu ghafla, angalia mpira wa pampu hiyo kabla ya kufungua breki. Na unaponunua altaneta iliyotumika, iwe Gerezani jijini Dar es Salaam au Kirinyaga Road jijini Nairobi, hakikisha imekuja na pampu yake, na kwamba mpira wa oili umefungwa kabla ya kuwasha.

Pampu inapostahili kushushwa

Ikiwa stata ni nzima, swichi inalia, dizeli ni safi, dumu la juu halikubadili kitu, hita zimepimwa na nozeli zimejaribiwa kwenye mashine, mwombe fundi apime kompresheni. Kwa injini za 2L na 3L, silinda zenye afya husoma karibu na bar 30, na zikishuka hadi 20 au zikitofautiana kwa zaidi ya 5, hakuna pampu itakayoiponya injini hiyo. Kompresheni ikiwa nzuri, sasa pampu ina kesi ya kujibu, hasa kama gari huwaka vizuri likiwa baridi na kugoma likiwa la moto, hali inayoashiria vyuma vya ndani vilivyolika.

Kabla haijatoka, chora mstari kwa patasi nyembamba unaovuka kutoka kwenye mwili wa pampu hadi kwenye injini, ili taimingi irudi ilipokuwa. Ziba kila tundu kwa plastiki safi. Ipeleke kwenye karakana yenye meza ya kupimia pampu, na omba ipimwe kabla ya kufunguliwa na baada ya kufungwa, uone namba za silinda zote zikiwa sawa. Usikubali skrubu ya kuongeza dizeli izungushwe ili "gari liwe na nguvu", kwa sababu joto la ziada litaishia kwenye silinda hedi. Ikirudi, weka chujio jipya na pete mpya za shaba, toa hewa kama ilivyoelezwa, iache injini ingurume dakika 20 huku ukipitisha karatasi kavu chini ya kila kiungo, na kesho yake, injini ikiwa baridi, pitia nati zote za mabomba kwa spana mara moja zaidi.